Menya Neno Kwanza: Michezo ya Familia ya Kumzoesha Mtoto Kamusi, Atlasi na Faharasa

Binti yangu alikuwa darasa la nne aliporudi na kazi ya nyumbani: andika maana ya maneno kumi, tumia kamusi. Mawili ya kwanza hayakumsumbua. La tatu lilikuwa "nyuso". Akafungua N, akapekua mbele na nyuma, akapitisha kidole safu nzima ya maneno yanayoanza na ny-, kisha akafunga kamusi na kunitazama. "Mama, halimo. Kamusi yetu mbovu."

Na kweli halikuwemo. Kwenye kamusi yetu "nyuso" haikai N, inakaa U, ndani ya "uso". Mtoto alikuwa amefundishwa kwamba kamusi hupangwa kwa alfabeti, jambo ambalo ni sahihi, ila kwa Kiswahili hiyo ni nusu ya habari. Lugha yetu huvalisha neno mbele na nyuma: wa-, ki-, vi-, ali-, hawaja-, -ana, -isha. Anayelitafuta neno kama alivyolikuta kwenye hadithi atarudi mikono mitupu, na akirudi hivyo mara tatu nne ataamua kwamba kamusi ni kitu cha walimu.

Nilikuwa namenya ndizi za machalari. Nikamwambia, "Lete kiti. Leo tunamenya maneno." Huo ndio ulikuwa mwanzo. Tunakaa Pasua, hapa Moshi, watoto ni watatu, na ni mwaka wa nne sasa tunacheza. Nimeweka hapa michezo iliyobaki nyumbani kwetu baada ya mingine kuachwa njiani.

Andaa vitu hivi

Kamusi moja ya Kiswahili, atlasi moja, vitabu vya shule walivyo navyo watoto, karatasi chakavu zilizokatwa vipande, simu yenye saa ya kupimia muda, na maharage makavu kama hamsini ya kuhesabia pointi. Vizibo vya soda vinafaa pia.

Kama huna kamusi, maktaba ya mkoa inayo. Vitabu vya rejea huwa haviazimwi kwenda navyo nyumbani, lakini kukaa na mtoto mezani nusu saa siku ya Jumamosi kunawezekana, na michezo karibu yote hapa inachezeka kwa sauti ya chini. Ukinunua atlasi ya mtumba kwa wale wanaotandaza vitabu kando ya barabara, usiangalie jalada. Fungua nyuma kabisa uone kama orodha ya majina ya mahali bado ipo, maana kurasa za mwisho ndizo hung'oka kwanza, na atlasi isiyo na orodha hiyo ni picha tu.

Sheria za nyumbani kwetu ni chache. Mikono inanawiwa kwanza. Anayechana ukurasa kwa haraka anapoteza zamu, kwa sababu karatasi ya kamusi ni nyembamba na kamusi ni ghali. Dakika ishirini zikiisha tunaacha, hata kama wanalia waendelee. Heri walale wakiutamani mchezo kuliko walale wameuchoka. Halafu kuna sheria ya mzazi: kamusi isiwe adhabu. Ukimwambia mtoto kwa hasira "si ukatafute kwenye kamusi!", umekibomoa kwa sentensi moja kile ulichokijenga mwezi mzima.

Anzia rafu ya jikoni

Huu ni wa wadogo, kuanzia miaka sita hivi, wakishajua kuimba alfabeti. Watolee vitu vitano kutoka jikoni wavipange chini kwa mfuatano wa herufi. Siku ya kwanza toa vitu vyenye herufi tofauti za mwanzo: chumvi, kijiko, nyanya, sukari, vitunguu. Hapo utamweleza pia kwamba alfabeti ya Kiswahili haina Q wala X, na kwamba C haisimami peke yake. Baada ya B inakuja Ch.

Siku ya pili toa mafuta, maharage, mahindi, majani ya chai na maziwa.

Hapo ndipo kazi ilipo. Vyote vinaanza na ma-. Mtoto atakuambia "Mama, zote M", na wewe usimsaidie upesi. Mwache aangalie herufi ya tatu: f inatangulia, kwa hiyo mafuta yanakaa kwanza, z iko mwisho, maziwa yakae pale. Yamebaki majani, yenye j, na wawili wenye h. Maharage na mahindi wanapigana hadi herufi ya nne: a dhidi ya i. Kitindamimba wetu aliposhika mfuko wa maharage mkono mmoja na wa mahindi mkono wa pili akisema "mah-a, mah-i, a kwanza", nilijua amepita mlango ambao watoto wakubwa wengi hukwama. Kamusi ya Kiswahili imejaa maneno yanayofanana hadi herufi ya tatu na ya nne. Asiyeweza kushuka mpaka huko atapekua kurasa nzima bila mpango.

Kumenya neno

Huu ndio mchezo mkuu. Ukichoka kusoma, soma huu tu.

Andika maneno ishirini kwenye vipande vya karatasi, kila neno likiwa katika umbo lake la mtaani, si la kamusi. Yakunje, yaweke kwenye bakuli. Mchezaji anachota moja, analisoma kwa sauti, kisha analimenya ganda kwa ganda akieleza kila anachotupa. Kila ganda likitoka anachungulia kamusi: je, lililobaki limo? Akilipata neno lenyewe, yaani kile walimu wa lugha wanachokiita kidahizo, neno lililoandikwa kwa wino mzito mwanzoni mwa maelezo, anataja ukurasa. Kumenya sahihi ni haragwe moja, ukurasa ni maharage mawili.

Mfano wa kitenzi. Neno ni "wamekimbizana". *Wa-* ni watu wenyewe, tupa. *-me-* ni wakati, tupa. Limebaki kimbizana, chungulia. Halimo? Kata mkia: *-an-* inasema wametendeana. Limebaki kimbiza. Halimo peke yake? *-iz-* inasema mmoja amemfanya mwingine akimbie. Limebaki kimbia. Fungua K. Kamusi nyingi hukusanya kimbiza, kimbilia na wenzao ndani ya kimbia, kwa hiyo mtoto akifika hapo anakuta ukoo mzima umekaa baraza moja.

Nomino humenywa kwa njia nyingine: irudishe kwenye umoja. Vitabu ni kitabu, miti ni mti, hizo ni nyepesi. Zinazowatoa jasho ni hizi: meno yapo kwenye jino, macho kwenye jicho, kuta kwenye ukuta, nyuzi kwenye uzi, nyimbo kwenye wimbo, ndimi kwenye ulimi, nyembe kwenye wembe, funguo kwenye ufunguo. Hebu fikiria mtoto anavyohama kutoka N hadi U, kutoka M hadi J, bila mtu kumwonyesha njia. Ukiwa na muda wa kufundisha kitu kimoja tu, fundisha hili.

Vivumishi vina mshangao wake. Cheupe, jeupe, weupe, nyeupe: vyote vinakaa E, kwa sababu kiini ni -eupe. Mwekundu yuko E pia. Mwingine yuko I. Kamusi nyingi huviandika na kistari mbele, na kile kistari ndicho kinachomwambia mtoto kwamba hapa palikuwa na ganda. Vitenzi vifupi navyo viwe na siku yake: "anakula" ukimenya ana- na ku- unabaki na la, herufi mbili tu, na mtoto hataamini mpaka aione kwa macho.

Wakishazoea, wategee mitego. Tia kwenye bakuli maneno yanayoonekana yamevaa kumbe yako hivyo hivyo: umeme, amani, kumbuka, nimonia, tumaini. Anayemenya "kumbuka" anabaki na "mbuka", anaitafuta, haioni, anagundua amekula ndizi na ganda lake. Mdogo wetu alichota "tumbili", akatupa tu- kwa ujasiri mkubwa, akasema, "Sisi wawili!" Wote tulicheka, naye akacheka, lakini hajakosea tena. Kwa mitego toa maharage matatu, maana mtoto anayejua wakati wa kutokumenya ameielewa lugha.

Jambo moja la kuangalia: mzazi usikimbilie kusema "siyo". Acha kamusi yenyewe imwambie. Neno lisipopatikana, mwulize, "Umemenya sana au umemenya kidogo?" Swali hilo moja linatosha karibu kila mara.

Kabla au baada

Mmoja anafungua kamusi kwa siri, anachagua neno, anaandika ukurasa wake pembeni, kisha anairudisha kamusi mezani. Wenzake wanajua neno lakini hawajui ukurasa. Wanafungua popote, wanasoma maneno mawili yaliyoandikwa juu kabisa ya kurasa, na kabla ya kupekua tena wanasema kwa sauti: "kabla" au "baada". Mnahesabu kamusi imefunguliwa mara ngapi mpaka neno lionekane. Mwenye idadi ndogo ndiye mshindi.

Watoto huanza kwa kupekua ukurasa mmoja mmoja. Waonyeshe kugawa nusu: fungua katikati, amua upande, gawa upande huo nusu tena. Kitabu cha kurasa 512 ukikigawa nusu mara 9 umebaki na ukurasa mmoja. Kaka mkubwa, aliyekuwa darasa la saba wakati huo, hakuamini mpaka alipoandika mwenyewe: 512, 256, 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2, 1. Baadaye watazoea unene wa herufi pia. K na M ni nene kwenye kamusi za Kiswahili, kwa hiyo katikati ya kitabu si katikati ya alfabeti. Mtoto akishajua kwa vidole M iko wapi bila kutazama, muda wa kutafuta unapungua wenyewe.

Kuhusu yale maneno mawili ya juu, wakumbushe kila mara. La kushoto ni neno la kwanza katika kurasa hizo, la kulia ni la mwisho. Watu wazima wengi wametumia kamusi miaka yote bila kuyatazama.

Maana ya uongo

Jumamosi, wageni wakiwepo, tunacheza huu. Mwenye zamu anatafuta kwenye kamusi neno ambalo hakuna anayelijua. Anaandika maana halisi kwenye karatasi. Wengine wote wanabuni maana zao, lakini kwa lugha ya kamusi: kwanza aina ya neno kwa kifupi chake, nm kwa nomino au kt kwa kitenzi, kisha kama ni nomino waonyeshe ngeli yake kama kamusi yenu inavyofanya, kisha maelezo mafupi. Karatasi zinachanganywa, zinasomwa, kila mtu anachagua anayoiamini. Ukipata ya kweli, maharage mawili. Ukimdanganya mtu kwa ya kwako, haragwe moja kwa kila aliyedanganyika.

Neno "mdiria" lilitoa maana hizi mezani kwetu: mtu anayependa kudai madeni, mti mdogo unaopandwa dirishani, ndege mwenye mdomo mrefu anayekamata samaki, fundi wa dira. Shangazi yao, aliyekuja na ndizi kutoka Uru, alichagua fundi wa dira na akaitetea. Ni ndege. Nilichopenda ni kwamba mtoto aliyebuni ule mti alikuwa ameandika "nm [u-/i-]" kwa usahihi, kama mti unavyostahili. Hakuna zoezi la daftarini lililowahi kumfundisha vifupisho vile kwa raha namna hiyo. Kabla ya kuanza, wapeleke kwenye kurasa za mbele za kamusi, pale panapoeleza vifupisho, wachague watakavyotumia. Kurasa zile ndizo mwongozo wa chombo chenyewe.

Konda, shusha!

Tunaingia kwenye atlasi. Mmoja ni konda na ndiye anayeshika atlasi. Wengine ni abiria.

1. Abiria anapiga kelele: "Konda, shusha Korogwe!"
2. Konda anafungua nyuma, kwenye orodha ya majina, anatafuta Korogwe kwa alfabeti. Pale atakuta namba ya ukurasa, na mara nyingi herufi na namba ya mraba.
3. Anafungua ukurasa ule. Kidole kimoja kinafuata herufi, cha pili kinafuata namba, vinapokutana anaweka haragwe juu ya mji.
4. Dakika moja ikiisha abiria amepitishwa kituo, na konda hapati nauli.

Anza na njia mnayoijua. Kutoka Moshi kwenda Dar es Salaam kuna Himo, Mwanga, Same, Mombo, Korogwe, Segera, Chalinze. Watoto wameyasikia majina haya makonda wakiyaita stendi, na kuyaona kwenye karatasi yamejipanga kushuka kandokando ya milima ya Pare na Usambara huwafanya wanyamaze kidogo. Kisha wapeleke wasikokujua.

Mitego ipo: Pangani ni mto na ni mji. Kigoma ni mji na ni mkoa. Na "Mlima Kilimanjaro" unaweza kuwa kwenye M, au kwenye K kama "Kilimanjaro, Mlima". Ukiona mtoto amekosa M, mwulize neno gani kati ya hayo mawili ndilo jina lenyewe. Kama atlasi yenu haina miraba bali ina latitudo na longitudo, usiogope. Moshi iko kama nyuzi 3 na dakika 21 kusini na nyuzi 37 na dakika 20 mashariki, na namba za mistari hiyo zimeandikwa pembeni mwa ramani.

Wakubwa wapewe uzi. Kwenye ramani ya kipimo cha 1:2,000,000, sentimita 1 ni kilomita 20. Walaze uzi juu ya barabara kutoka Moshi kupitia Boma Ng'ombe hadi Arusha, wafuate kona, kisha waupime kwa rula. Wakipata kama sentimita 4 wako sahihi, kwa kuwa barabara ile ni kilomita kama 80.

Atlasi ilizeeka lini?

Hapa ndipo atlasi ya zamani inapoishinda mpya. Ziba ukurasa wenye mwaka wa kuchapishwa kwa kibanio, uwaambie: bila kufungua hapo, tafuteni atlasi hii ni ya lini.

Wape ushahidi mmoja mmoja. Mkoa wa Manyara ulimegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Geita, Katavi, Njombe na Simiyu ilianzishwa mwaka 2012, na Songwe mwaka 2016. Sudan Kusini ilipata uhuru mwaka 2011. Swaziland iliitwa Eswatini kuanzia 2018. Kongo iliitwa Zaire kutoka 1971 hadi 1997. Yetu ina Manyara, haina Geita, na Sudan ni moja. Wakakaa chini, wakabishana, wakaandika: "Kati ya 2002 na 2011." Nikatoa kibanio. Walikuwa wamepatia, na kwa wiki nzima kila kitabu kilichoingia ndani kilifunguliwa ukurasa wa mbele kuangaliwa mwaka.

Naupenda sana mchezo huu, pengine kuliko yote. Mtoto anayejua kwamba kitabu kinaweza kuwa sahihi kwa siku yake na kisiwe sahihi leo hatameza kila kilichochapwa.

Sura na mstari

Kwa kifupi, kwa sababu watoto wengi tayari wanaucheza Jumapili kanisani au madrasa. Taja kitabu, sura na mstari; wa kwanza kusoma anapata haragwe. Wanaosoma Kurani watajiwe jina la sura na aya. Kwenye kitabu cha nyimbo, taja mstari wa kwanza wa wimbo watafute namba yake kwenye orodha ya nyuma. Ni rejea halisi kabisa, na huenda ndicho kitabu cha rejea pekee ambacho kila nyumba mtaani kwenu inacho.

Neno gani?

Mtoto wa leo atakuuliza kwa nini atafute kwenye faharasa, ile orodha ya maneno na kurasa zake nyuma ya kitabu, ilhali simu ipo. Mchezo huu unafaa kwa yote mawili, faharasa na simu, kwa sababu simu nayo hutafuta kwa maneno.

Soma swali: "Kwa nini barafu ya Kibo inapungua?" Kila mchezaji aandike maneno matatu tu ambayo angeyatafuta kwenye faharasa ya kitabu cha jiografia. Mmoja ataandika barafu, Kilimanjaro, tabianchi. Mwingine ataandika "kwa nini", na huyo mwonee huruma ila usimpe haragwe: hakuna faharasa yenye "kwa nini". Halafu chukueni kitabu chochote mlicho nacho, mjaribu neno moja moja, muone lipi lina ukurasa. Neno lisipokuwemo, wajifunze kupanda ngazi: Kibo haimo, jaribu Kilimanjaro, nayo haimo, jaribu milima. Kushuka ngazi pia: wanyama ni wengi mno, nataka tumbili.

Utagundua kwamba vitabu vingi vya shule vina yaliyomo mbele lakini havina faharasa nyuma. Waeleze tofauti kwa mfano wa soko la Mbuyuni: yaliyomo yanakuambia sehemu ya nafaka iko wapi na ya mboga iko wapi, kwa mpangilio wa kutembea; faharasa inakuambia vitunguu vinapatikana kwa nani na nani, hata kama wamekaa mbalimbali.

Mkienda maktaba, endeleeni na mchezo huu kwenye migongo ya vitabu. Maktaba zetu za umma hupanga vitabu kwa namba za Dewey: 400 ni lugha, 500 ni sayansi, 900 ni historia na jiografia. Mpe mtoto namba 967.8 bila kumwambia ni nini, aifuate rafu kwa rafu. Atajikuta mbele ya historia ya Tanzania. Mkumbushe kwamba baada ya nukta anasoma tarakimu moja moja: 967.62 inakaa kabla ya 967.8, ingawa 62 inaonekana kubwa kuliko 8.

Faharasa ya daftari la babu

Mchezo wa mwisho si wa jioni moja. Sisi ulituchukua likizo nzima ya Desemba, na ndio ambao watoto hawatausahau.

Baba yangu, babu yao, yuko Kibosho, na ana daftari la jalada gumu ambalo ameandika tangu zamani: kilo za kahawa alizopeleka chama cha msingi, siku mvua ilipoanza, mbuzi aliyezaa, dawa aliyopulizia chulebuni, ule ugonjwa wa kahawa, ilipoingia shambani, michango ya harusi na ya misiba. Lina kila kitu, na hakuna anayeweza kupata chochote. Tuliliomba. Kama kwenu hakuna daftari kama hilo, tumieni daftari la mapishi, albamu ya picha, hata kitabu cha hadithi wanachokipenda.

Kwanza wanaandika namba kwenye kila ukurasa, kwa penseli. Kisha wanasoma pamoja, na kila wakikutana na jambo ambalo mtu angeweza kulitafuta siku moja, wanaliandika kwenye kipande cha karatasi pamoja na namba ya ukurasa. Kipande kimoja, jambo moja. Msiandike kwenye orodha ndefu. Vipande vinahama, orodha haihami. Wakimaliza, wanamwaga vipande vyote mkekani na kuvipanga kwa alfabeti kama walivyopanga mafuta na maharage. Vyenye neno moja vinaunganishwa: chulebuni, uk. 9, 17, 30.

Kwenye mkeka ule watoto walijadili mambo mazito. Mmoja alikuwa ameandika "babu" kwenye vipande arobaini. Wakagundua wenyewe kwamba neno lililopo kila ukurasa halimsaidii mtu, wakavitupa. "Mvua ya mawe" iende kwenye mvua au kwenye mawe? Binti akaamua iende kwenye mvua, lakini akaacha kipande kwenye M-a kinachosema "mawe, mvua ya: taz. mvua", kwa ajili ya mtu atakayefika pale kwanza. Msiba wa bibi mzaa babu ulikuwa umeandikwa kwa mstari mmoja tu, katikati ya hesabu za mbolea. Wakauliza kama uingie. Ukaingia, kwa jina lake.

Faharasa ikajaa kurasa nne, tukaibandika nyuma ya daftari. Mwezi wa kwanza babu alishuka mjini, akala, akaliomba daftari lake. Akamwambia kitindamimba, "Hebu mjukuu wangu, nitafutie, ile mibuni ya bondeni tuliing'oa mwaka gani?"

Mtoto akafungua nyuma, akaenda M, akashusha kidole: mbolea, mbuzi, michango. Akasimama. "Mibuni haipo, babu." Nilitaka kusema kitu, dada yake akanishika mkono. Kitindamimba akanong'ona, "Mi... natupa. Mbuni." Akarudi juu kidogo, kati ya mbolea na mbuzi. "Mbuni, kung'oa, ukurasa wa 22." Akafunua, akamgeuzia babu daftari, na babu akatafuta miwani yake mfukoni.